Figo ya Ndugu: Ni Nani Aliyekosa?

Liko swali ambalo baba zetu hawakulijua, kwa kuwa jambo lenyewe halikuwako katika siku zao. Tuliweke hapa kwa mfano. Mtu amepatwa na ugonjwa, figo zake zote mbili zimekufa, naye dada yake wa tumbo moja amempa figo yake moja. Wote wawili wamepona, wamesimama mbele ya usharika kushukuru. Hata ilipopita miezi 8, mgonjwa akaambiwa na waganga hospitalini: "Figo uliyopewa imeingiliwa na virusi, na dawa ya kuviua hatuna." Ndipo maneno yanapoanza nyumbani. Mmoja asema mgonjwa hakuitunza zawadi. Wa pili asema waganga wamekosea dawa. Wa tatu anena kwa sauti ya chini ya kwamba figo yenyewe haikutolewa kwa moyo mweupe. Wa nne ataja jina la jirani. Naye dada aketi kimya, akiwaza kama alichompa ndugu yake kilikuwa uzima au mauti.

Nyumba hii hatukuiona kwa macho, ni mfano. Lakini ugonjwa huo ni wa kweli, na maneno ya namna hiyo twayajua sote, maana yamesemwa penye vitanda vya wagonjwa wa kila ugonjwa. Basi twataka kuuliza, ndugu wasomaji: madhara makubwa yakimpata mtu katika jambo lililofanywa kwa upendo, je, ni lazima awepo aliyekosa? Na kama hayupo, kila mmoja wa nyumba ile adaiwa nini?

Imetupasa kwanza kulijua jambo lenyewe, kwa sababu mtu ahukumuye kabla ya kujua hufanya haraka, na haraka yake humwumiza mwingine.

Mwenyezi Mungu ameuwekea mwili wa mtu walinzi, nao ni chembe za damu zinazotambua kilicho chetu na kilicho cha mgeni. Walinzi hawa hawaulizi nia ya mgeni. Figo iliyotolewa kwa upendo na kibanzi kilichoingia mguuni, kwao ni hali moja: vyote viwili si vya nyumbani, navyo hupigwa vita. Ndiyo sababu upandikizaji wa figo wa kwanza uliofanikiwa sawasawa, ule uliofanywa na Dkt. Joseph Murray na wenzake mjini Boston, Marekani, tarehe 23 Desemba 1954, ulikuwa kati ya mapacha waliofanana kabisa, Ronald Herrick aliyetoa na Richard aliyepokea. Walinzi wa Richard hawakuona mgeni, naye akaishi miaka 8 kwa figo ya nduguye. Lakini ni wangapi wenye pacha wa namna hiyo? Wengine wote hupewa dawa za kuwatuliza walinzi, kila siku, muda wote figo ile imo mwilini. Siku hizi hutumiwa zaidi takrolimusi, ambayo Wajapani waliipata mwaka 1984 kwa vijidudu vya udongo wa Tsukuba, pamoja na mikofenolati, na mara nyingi prednisoloni kidogo. Kwa dawa hizo kaka na dada, mume na mke, hata watu wasiojuana, waweza kugawana figo. Kwetu Tanzania kazi hii ilianza Muhimbili mwezi wa Novemba 2017, na mwaka uliofuata katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Kabla ya hapo wagonjwa wetu walipelekwa ng'ambo, wengi wao India.

Lakini mlinzi akiisha kulazwa usingizi, hawezi tena kuchagua ni nani apite na ni nani asipite.

Viko virusi viitwavyo BK, navyo vimo karibu katika watu wazima wote. Wakipimwa damu, watu 8 au 9 katika kila 10 huonekana kwamba vilikwisha kuwaingia. Huingia utotoni. Mtoto haugui, au hupata mafua kidogo tu ambayo mama yake ameyasahau baada ya juma moja. Kisha virusi hukaa kimya katika figo na katika njia za mkojo, maisha yake yote, pasipo kumdhuru. Yamkini wewe uliyeshika karatasi hii unavyo. Sisi tunaoandika pia.

Jina lao lina habari ya kusikitisha. Mwaka 1971 huko London, Bibi Sylvia Gardner na wenzake walipima mkojo wa mtu mmoja wa Sudan aliyekuwa amepandikizwa figo, na mrija wa kutoa mkojo katika figo ile ulikuwa umesongwa. Wakakuta virusi visivyojulikana bado, wakaviita kwa herufi mbili za kwanza za majina ya mgonjwa. Mtu yule hakuviumba, wala hakuvileta duniani; vilikuwamo katika Waingereza waliompima kama vilivyokuwamo ndani yake. Lakini ni herufi zake zinazotajwa mpaka leo kila mahali penye ugonjwa huu. Ndivyo tulivyo wanadamu: wa kwanza kuonekana na ugonjwa huhesabiwa kana kwamba ugonjwa ni mali yake.

Miaka ishirini na zaidi virusi hivyo havikuogopwa sana. Katika miaka ya 1990 dawa za kutuliza walinzi zilizidi nguvu, na kwa kweli ziliokoa figo nyingi ambazo zamani zingalikataliwa na mwili. Kwa mlango uo huo BK ikaingia. Ilionekana kwamba katika wapokeaji 100, mmoja hadi kumi hupatwa na ugonjwa wenyewe wa figo, hasa katika miaka 2 ya kwanza. Na siku zile za mwanzo, kabla watu hawajajifunza kuutazamia, nusu yao au zaidi walipoteza figo walizopewa. Tuangalie vema: madhara haya hayakuja kwa uzembe. Yalikuja kwa kazi iliyofanywa vizuri zaidi kuliko kwanza.

Hapa ndipo penye shida kubwa, nasi twamwomba msomaji asipite upesi. Figo iliyopandikizwa ikianza kudhoofika, takataka iitwayo kreatinini huzidi katika damu. Sababu zaweza kuwa nyingi, lakini mbili kati yake zinapingana kabisa. Ya kwanza ni mwili kuikataa figo, maana walinzi wameamka mno. Ya pili ni BK, maana walinzi wamelala mno. Penye kukataliwa, dawa huongezwa. Penye BK, dawa hupunguzwa. Nazo hali hizi mbili hufanana hata katika darubini, kwa kuwa katika kipande cha figo kilichotolewa kwa sindano, chembe za ulinzi hujaa huku na huku. Mpimaji hutafuta alama za virusi ndani ya mifereji midogo ya figo, akiitia rangi ya kuvionyesha. Lakini ugonjwa huu hushika mahali na kuacha mahali, kama kutu ya kahawa iliyoshika miti michache katika shamba, hata sindano yaweza kupita palipo pazima isione kitu. Ndiyo sababu yashauriwa vipande viwili vitolewe, wala si kimoja. Tena mara nyingine hali zote mbili zimo pamoja katika figo moja. Mganga akiongeza dawa penye BK, amemlisha adui. Akipunguza penye kukataliwa, amemfungulia mlango mwenye panga. Naye hawezi kukaa asichague, maana kukaa nako ni kuchagua.

Kwa hiyo imeonekana heri kumwona adui angali mbali. Virusi huonekana kwanza katika mkojo, baada ya majuma kadhaa katika damu, ndipo figo huanza kuharibika. Wataalamu wa nchi nyingi, katika shauri lao lililochapwa mwaka 2024, waagiza damu ya mpokeaji ipimwe BK kila mwezi mpaka mwezi wa 9, kisha kila miezi 3 mpaka itimie miaka 2. Virusi vikizidi 1,000 katika mililita moja ya damu, na vikionekana hivyo tena baada ya majuma 2 au 3, au vikizidi 10,000 hata mara moja tu, dawa za kutuliza walinzi zipunguzwe. Katika majuma hayo yote mgonjwa hasikii kitu. Hana homa, hana maumivu, anakula, anakwenda shambani. Ni vigumu kumwambia mtu wa namna hiyo apande basi usiku, alipe nauli na gharama ya kipimo, kwa ajili ya ugonjwa asiousikia. Sisi tumezoea kwenda hospitali tumechukuliwa. Kwenda tukitembea twaona ni kupoteza siku. Lakini katika ugonjwa huu, aliyengoja kuusikia amekwisha kuchelewa.

Na tiba yenyewe ni nini? Ni kulegeza mkono. Mahali pengine hupunguza mikofenolati nusu, au huiondoa. Pengine huanza na takrolimusi. Hospitali zote hazishiki utaratibu mmoja. Kisha hungoja, hupima damu, huangalia figo, hungoja tena, majuma na miezi. Kwa wengi walinzi huamka kwa kiasi, virusi hupungua mpaka visionekane katika damu, na figo hubaki. Kwa baadhi walinzi huamka kupita kiasi, wakaishambulia figo yenyewe.

Bwana wetu alisimulia habari ya shamba la ngano lililopandiwa magugu usiku, na ya watumwa waliotaka kuyang'oa mara moja, na mwenye shamba akawazuia kwa ajili ya ngano. Hatutaki kuupindisha mfano ule, ambao yeye mwenyewe aliwafafanulia wanafunzi kwa habari nyingine. Lakini kila mkulima aijua kweli iliyomo: kuna shamba ambalo mwenye bidii nyingi huliharibu kuliko mvivu. Mganga wa BK hawezi kung'oa. Hutafuta kipimo ambacho ngano itasimama wala magugu hayatazidi, naye hukitafuta gizani, kwa kuwa kipimo cha mtu mmoja si kipimo cha mwenzake.

Twajua msomaji atauliza: katika dunia yenye dawa nyingi namna hii, haikupatikana hata moja ya kuviua virusi hivi? Zimejaribiwa. Wengi walikuwa na tumaini katika levofloksasini, dawa ya bakteria, iliyoonekana kana kwamba yazuia BK. Mwaka 2014 ilitangazwa habari ya jaribio lililofanywa Kanada kwa wapokeaji 154, wengine wakipewa dawa hiyo miezi 3 tangu siku za kupandikizwa, wengine wakipewa vidonge visivyo na dawa. Virusi havikuzuiliwa. Sidofoviri nayo imetumiwa, lakini yaweza kuidhuru figo ile ile inayotafutwa kuokolewa. Kazi yaendelea.

Tunakaza neno hili kwa sababu mahali palipopungukiwa dawa, ndipo wauza chupa hutokea. Dawa za miti nyingine huidhuru figo, na nyingine huongeza au kupunguza takrolimusi katika damu pasipo mtu kujua. Hata tunda la balungi huiongeza. Wapo pia watakaomwambia mgonjwa aache vidonge vyote ili aonyeshe imani. Dkt. Martin Luther, tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527, yeye alibaki mjini pamoja na wagonjwa, na katika waraka wake juu ya kuikimbia tauni au kutoikimbia aliwakemea waliodharau dawa, akiona wanamjaribu Mungu. Hatuna la kuongeza juu ya hayo.

Sasa turudi katika nyumba ile, tuwaite walioshtakiwa mmoja mmoja.

Mgonjwa, je, amekosa? Kama alimeza dawa zake kwa saa zake, kila siku, kama alivyoagizwa, basi ni utii wake uliowalaza walinzi, na kwa walinzi kulala virusi vikaamka. Jambo hili ni chungu kulisikia. Tumezoea kufundisha watoto kwamba mtii atafanikiwa, na hapa mtii amepatwa. Lakini angaliacha kutii, figo ingalikataliwa, pengine mapema zaidi. Hana kosa. Kosa laweza kuja baadaye, nasi tusilifiche: akiisha kusikia kwamba waganga wamepunguza dawa, naye akaona kwamba dawa ndizo zilizomletea taabu, akaanza kuzipunguza tena mwenyewe chumbani, bila kupimwa. Kupunguza kwa shauri na kwa kupima damu ni tiba. Kupunguza kwa siri ni kuitupa zawadi ya dada yake, hata kama aitupa kwa hofu wala si kwa dharau.

Waganga, je, wamekosa? Walichagua katika madhara mawili, na aliyelazimika kuchagua katika madhara mawili hana hatia ya kuwa madhara yalitokea. Ana hatia kama kipimo kilikuwapo naye hakukifanya. Ana hatia kama alijua hatari hii asiseme. Ana hatia kama aliona amekosea, akaficha karatasi. Zaidi ya hayo hatuwezi kumshtaki. Tena twaona ni vema mganga amwambie mgonjwa waziwazi: "Sijui hakika ni kipi kati ya viwili, nimechagua hiki kwa sababu hizi, baada ya majuma mawili tutaona." Wako wanaodhani kwamba neno kama hilo humwondolea mgonjwa tumaini. Sisi twadhani mgonjwa aliyeambiwa hivyo atarudi baada ya majuma mawili, na aliyedanganywa kwamba yote ni salama hatarudi.

Jirani aliyetajwa jina hatutamwita hata kidogo. Virusi vilikuwamo katika nyumba tangu watoto walipokuwa wakicheza uani, na usharika unaoacha jina la mtu lizungushwe kwa habari kama hii una kosa lake wenyewe, ambalo mchungaji na wazee wapaswa kulishughulikia kabla ya Jumapili ijayo.

Amebaki dada.

Habari yake ndiyo nzito kuliko zote, nasi tulisita kama yafaa kuiandika. Wapimaji wamechunguza virusi vya wapokeaji na vya watoaji, wakaona kwamba mara nyingi BK inayoiharibu figo iliyopandikizwa ilikuja ndani ya figo ile ile. Yaani ilikuwa imelala kwa mtoaji tangu utoto wake, bila kumdhuru siku moja, ikahamishwa pamoja na zawadi katika mwili ambao walinzi wake wamelazwa. Basi dada yule, siku aliyolala mezani akakatwa ubavu kwa ajili ya kaka yake, yamkini alimpa uzima na adui katika kifungu kimoja.

Je, aambiwe? Mmoja wetu alisema asiambiwe kamwe. Alitoa kiungo chake. Amebaki na figo moja na kovu. Faida gani kumwongezea mzigo wa neno lisiloweza kubadilishwa? Maneno haya yana upendo ndani yake, wala hatuyadharau. Lakini twaona hayatoshi, kwa sababu mbili. Ya kwanza, habari hii haikai fichoni. Siku moja muuguzi ataitaja, au mtoto aliyesoma ataisoma, na dada ataipata peke yake, usiku, pasipo mtu wa kumweleza kwamba watu 8 au 9 katika 10 wako kama yeye. Ya pili ndiyo kubwa. Mtu akificha neno, aonyesha kwamba ni neno la aibu. Tukimficha dada jambo hili kwa huruma, tumekwisha kumhukumu mioyoni mwetu, kisha tumemsamehe bila yeye kujua. Naye hakukosa hata astahili kusamehewa.

Kwa hiyo hukumu yetu ni hii: aambiwe, lakini si baada ya madhara. Aambiwe kabla ya kutoa, pamoja na kaka yake, katika chumba kimoja, siku ile ile wanapoelezwa hatari za kupasuliwa. Waambiwe kwamba yako mambo yaliyolala katika mwili wa kila mtu, na kwamba yakiamka hakuna awezaye kusema ni kosa la nani. Neno lililosemwa kabla ni maarifa ya wote wawili. Likisemwa baada, hata kwa sauti ya upole, huwa ni mashtaka. Tumewauliza watu kadhaa wanaojua mambo ya hospitali, nao wakasema siku ya maelezo ina mambo mengi mno, na watu hawashiki yote. Ni kweli. Basi lirudiwe mara ya pili, na mara ya tatu.

Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walimwuliza Bwana ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Walikuwa na majibu mawili tayari mkononi, wakataka achague. Naye hakuchagua, akainama, akafanya tope, akamtuma mtu yule akanawe. Mara nyingi tumeisoma habari hiyo kana kwamba ni ya macho tu. Twaona ni ya wanafunzi pia, jinsi walivyosimama mbele ya mtu mwenye shida wakaanza kwa kuuliza hatia ni ya nani.

Sasa lipo jambo la deni. Kaka mgonjwa atasema moyoni: "Dada amenipa kiungo chake, nami nimekiharibu. Nitamlipa nini?" Na jamaa watamsaidia kusema hivyo, maana kwetu mtu akipewa mbuzi hujua siku ya kurudisha mbuzi. Desturi hiyo si mbaya. Imewafunga watu pamoja miaka mingi. Lakini figo si mbuzi. Hairudishwi wala haina mfano wa kurudishwa, na anayeihesabu kuwa deni atakuwa mtumwa wa dada yake mpaka kufa, na dada atakuwa bwana asiyetaka ubwana. Kanisa letu, tangu siku za Matengenezo, limefundisha kwamba kipawa kilichotolewa bure hakilipwi, nacho hakigeuki kuwa mkopo hata mpokeaji akidhoofika. Jambo hilo twalikiri kwa habari za wokovu, kisha nyumbani twaandika madaftari ya madeni. Kaka adaiwa shukrani, adaiwa kuitunza figo kwa uaminifu wa wakili, adaiwa kusema kweli juu ya dawa anazomeza na asizomeza. Hadaiwi kwamba figo iishi. Hilo halikuwa mikononi mwake.

Na dada naye adaiwa jambo moja, ijapokuwa twaona haya kumdai mtu aliyekwisha kutoa. Asishike uangalizi wa ile figo kana kwamba bado ni yake. Waganga wakisema dawa zipunguzwe, na kaka akakubali, yeye asije akalia, "Mnaiua figo yangu!" Twafahamu kilio hicho. Lakini figo aliitoa. Na yenyewe sasa haiwezi kuokolewa na mkono unaoikaza.

Tuseme basi kwamba mambo yamekwenda vibaya: dawa zimepunguzwa, virusi havikutii kwa wakati, figo imekwisha. Kaka amerudi kwenye mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa juma. Wengi hudhani hapo ndipo mwisho, na kwamba mtu aliyeharibiwa figo na BK hafai kupewa nyingine. Sivyo. Virusi vikiisha kutoweka katika damu, aweza kupandikizwa tena, na wengi waliopandikizwa mara ya pili kwa njia hiyo wamekaa vizuri, huku damu yao ikiangaliwa kwa makini zaidi kuliko mara ya kwanza.

Ndipo mdogo wao wa mwisho anakuja kutoka mjini, asema yuko tayari. Kaka akataa, asema amekwisha kuzika figo moja ya nyumba hii, hataki kuzika ya pili. Je, aweza kupokea? Sisi twaona aweza, na wala asione kwamba kukataa ni unyenyekevu, maana mara nyingine ni kiburi cha mtu asiyetaka kupewa tena. Lakini mdogo asije akapelekwa kwa wimbo wa sifa na kwa macho ya jamaa wote. Aketishwe na waganga, aambiwe yote yaliyompata kaka yake, mwezi kwa mwezi, pamoja na habari ya virusi vilivyolala, ambavyo yamkini yeye pia anavyo. Dada awepo, akipenda, aulizwe kuhusu kovu lake, na kuhusu siku zile alipokaa kimya. Na akitaka kutojibu, asijibu. Kisha mdogo aachwe aende zake, alale siku kadhaa bila kuulizwa na mtu, na jibu atakalorudi nalo, likiwa ndiyo au likiwa siyo, lipokelewe.